Siku sita Njia ya Marangu: kumtafuta anayepanda

Moshi, jioni kabla ya kuondoka

Safari hii ina kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kupanda Kilimanjaro kwa Njia ya Marangu, siku sita kwenda na kurudi, kulala kwenye vibanda. Ya pili ni kumchunguza huyo anayepanda, kwa utaratibu wa Advaita Vedanta, mafundisho ya India yanayosema kwamba Nafsi ya kweli ni moja, haina ya pili yake, na kwamba hiyo ndiyo wewe tangu sasa, kabla hujafanya ibada wala juhudi yoyote.

Upanishadi ya Taittiriya, mojawapo ya maandiko ya kale ya India ambayo Vedanta inayategemea, inamwelezea mtu kwa tabaka tano, na walimu waliofuata wakaziita ala, kwa kuwa zinamfunika kama ala inavyofunika upanga. Kuna ala ya chakula, yaani mwili. Ala ya pumzi. Ala ya akili inayowaza na kuhisi. Ala ya busara inayopambanua na kuamua. Na ala ya furaha. Shankara, mwalimu wa karne ya 8 aliyeipa Advaita sura tunayoijua, anafundisha kuzipitia moja moja na kuuliza swali lile lile: hiki ninakijua, nakiona kikibadilika, je, anayekijua naye anabadilika nacho?

Moshi mjini ala hizi zimeshikana. Mtu akisema "nimechoka" hajui kilichochoka ni goti, ni pumzi, au ni moyo uliokata tamaa. Hewa inapokuwa nyembamba kila moja hulegea kwa wakati wake: miguu kwanza, kisha pumzi, kisha mawazo, kisha uamuzi, na mwisho hata furaha. Zikilegea kwa zamu, unapata nafasi ya kuziona. Hilo ndilo pekee ambalo mlima unaongeza. Nafsi haiko karibu zaidi kileleni kuliko ilivyo stendi ya Moshi. Ramana Maharshi, mwalimu ambaye njia yake ya kujichunguza ndiyo tunayoifuata hapa, alifika Tiruvannamalai Septemba 1896 akiwa na miaka 16 na hakuondoka tena hadi alipofariki Aprili 1950. Kilima cha Arunachala alichokaa miaka yote hiyo hakifiki hata mita 1,000.

Mbali na vifaa vya kawaida vya mlima, fungasha daftari dogo na penseli, kwa sababu wino wa kalamu huganda kwa baridi ya juu. Weka kikombe cha bati, chumvi vijiko viwili vya chai kwenye karatasi, na kipande cha godoro la sponji cha kukalia. Mbao za vibanda ni baridi na makalio yakiganda uchunguzi wote unakuwa wa makalio.

Kazi ya pili inafanywa kwa kunyamaza. Kuhusu ukimya huo, kubalianeni na kiongozi wa msafara kabla ya kulala, na mwambieni mapema kwamba mnanyamaza kwa hiari, asije akadhani mmeugua. Ukimya uvunjwe mara moja kwa mambo matatu: kichwa kinachouma na hakipoi, pumzi inayokatika hata umekaa, na mwendo wa kuyumba. Hakuna kufunga chakula. Hakuna kupunguza maji: lita 3 hadi 4 kwa siku.

Kuna wasiofaa kuianza kazi hii ya pili, na tunalisema wazi. Mtu aliye katika huzuni nzito, au aliyewahi kupata vipindi vya kujiona hayupo, au anayetibiwa ugonjwa wa akili, apande mlima tu kwa ruhusa ya daktari na auache uchunguzi. Swali la "mimi ni nani" humlegeza mtu mzima kidogo kidogo. Aliyekwisha kulegea linaweza kumvunja.

Siku ya 1: Moshi, Marangu, Mandara (mita 2,720)

Kutoka mjini hadi Marangu Mtoni, kupitia Himo, ni mwendo wa saa moja hivi, halafu barabara inapanda katikati ya vihamba vya migomba na kahawa hadi langoni, karibu mita 1,870. Hapo mizigo inapimwa. Mpagazi habebi zaidi ya kilo 20. Wakati wa kusubiri ni mrefu, na kazi inaanzia kwenye foleni.

Kuna kitabu cha kujiandikisha: jina, umri, uraia, kazi. Andika polepole. Kila safu unayoijaza, simama na uulize: hili lingebadilika, ningekuwa nimeacha kuwapo? Jina ulipewa, ulikuwapo kabla ya kulijua. Umri wa mwaka jana ulikuwa namba nyingine. Kazi unaweza kufukuzwa kesho. Usikimbilie jibu kubwa. Leo inatosha kuona kwamba vyote vilivyoandikwa vinajulikana, na vinajulikana kwa mmoja ambaye kitabu hakina safu yake. Kitabu cha namna hii kipo kila kituo cha kulala, na utakijaza tena Mandara, Horombo na Kibo. Fanya zoezi hili kila mara, dakika mbili zinatosha.

Njia ya leo ni kilomita 8 za msitu, saa tatu hadi nne. Ni njia pana, yenye unyevu, mizizi inateleza. Wapagazi wanapita na ndoo na majiko kichwani.

"Pole na safari, kaka."

"Asante. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole pole hivyo hivyo."

Zoezi la msituni ni la zamani katika Vedanta, nalo lina ngazi tatu. Mbega yuko juu ya mti, mkia wake mweupe unaning'inia: mbega anaonekana, jicho linaona. Sasa rudi nyuma. Jicho lenyewe likiwa na machozi au ukungu, unajua. Basi jicho nalo ni kitu kinachoonekana, na akili ndiyo inayoliona. Rudi tena. Akili ikiwa na wasiwasi au imetulia, unajua; basi akili nayo inaonekana. Na anayeiona akili? Jaribu kumgeukia umwone kama ulivyomwona mbega. Haiwezekani, na kutowezekana huko si kushindwa. Ungemwona, angekuwa kitu kingine kinachoonekana, na ungelazimika kuuliza tena ni nani anayemwona.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni hiki: mtu anajitengenezea mtazamaji, kama mlinzi mdogo aliyekaa nyuma ya macho anayechungulia. Dalili yake ni uzito kwenye paji la uso na hali ya kujikaza. Mlinzi huyo ni wazo. Mara ukimgundua, legeza taya, angalia miguu inapokanyaga, na uendelee kutembea robo saa bila zoezi lolote.

Ala ya leo ni mwili, na mwili bado una nguvu, kwa hiyo somo lake ni dogo. Jioni, baada ya chakula, kaa dakika 20. Anza na magoti: maumivu yapo, yanajulikana. Chakula cha mchana kilikuwa ndizi na yai; kufikia kesho asubuhi kitakuwa wewe, kwa maana ya damu na nyama. Saa sita zilizopita kilikuwa kwenye kikapu. Kaa na jambo hilo bila kulifanyia falsafa.

Siku ya 2: Mandara hadi Horombo (mita 3,720)

Kilomita 11 hadi 12, saa tano hadi saba, mita 1,000 za kupanda. Msitu unaisha ghafla muda mfupi baada ya Mandara, unaingia kwenye vichaka na nyasi, na mawingu yakikubali vilele vya Mawenzi na Kibo vinajitokeza mbele.

Hii ni siku ya pumzi. Kipimo cha mwendo ni pua: ukilazimika kufungua mdomo ili upate hewa, umezidisha, punguza hatua. Mtu aliyezoea kufanya yoga atashawishika kuzuia pumzi au kuvuta harakaharaka kwa makusudi. Usifanye. Ukizuia, unapunguza oksijeni ambayo tayari ni haba. Ukivuta kasi kupita haja, unafukuza hewa ya kaboni, vidole vinaanza kuchonyota na kichwa kinazunguka, na kiongozi atashindwa kutofautisha hali hiyo na ugonjwa wa mlima.

Badala yake, sikiliza. Pumzi inaingia, nani ameivuta? Kwa saa nzima ya kwanza utadhani ni wewe. Halafu utasahau, utaangalia lobelia au kiatu cha aliye mbele, na utakapokumbuka utakuta pumzi iliendelea vizuri tu bila wewe kuiendesha. Sehemu hiyo ndiyo ya kuikamata. Anayesema "mimi napumua" alikuwa hayupo, pumzi ilikuwepo, na uliijua mara ulipogeuka. Rudia mara nyingi kadiri njia inavyoruhusu. Penye mawe acha zoezi, angalia miguu.

Usiku wa Horombo wengi hulala vibaya, na ni kawaida: mwilini pumzi inakwenda kwa mawimbi, inapanda, inashuka, inasita sekunde kadhaa, kisha unashtuka na kuvuta kwa nguvu. Kama hakuna kichwa kikali wala kikohozi, si hatari. Kwa kazi yetu usingizi uliokatika una thamani, kwa sababu unapita mlango ule ule mara nyingi kwa usiku mmoja. Kila unaposhtuka, kabla hujakumbuka uko wapi, kuna muda mfupi sana ambapo uko macho na bado hujawa mtu fulani. Hakuna jina, hakuna Horombo, hakuna baridi. Kisha vinarudi: mimi, kibanda, mkojo. Usijaribu kuushika muda huo. Ujue tu kwamba ulipita.

Siku ya 3: Horombo, siku ya kuzoea

Siku hii wasafiri wa haraka huiruka. Tunashauri kwa nguvu zote isirukwe, kwa mapafu na kwa uchunguzi. Asubuhi unapanda taratibu hadi Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, unakaa kidogo, unarudi kula na kulala chini. Mchana wote ni wako.

Ala ya akili inaonekana vizuri hapa kwa sababu ina cha kuogopa. Kiongozi anapitisha kipima oksijeni ya damu, kile cha kidoleni, asubuhi na jioni. Taa nyekundu inawaka, unasubiri, namba inakuja: 84. Mwenzako ana 90. Kabla hujameza mate, mlolongo umeshaanza: nitarudishwa, nimepoteza hela, watasemaje nyumbani. Simama papo hapo. Namba ni kitu kimoja. Hofu ni kitu cha pili, ina mahali pake kifuani. Wazo "mimi nitashindwa" ni kitu cha tatu. Sasa uliza kama Ramana alivyoelekeza: wazo hili limemjia nani? Jibu linakuja lenyewe: mimi. Na huyu mimi ni nani, anatoka wapi?

Hapo ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Swali hili si wimbo wa kurudiarudia. Ukilisema mara mia kwa saa litakupa usingizi. Linaulizwa mara moja, kwa dhati, kisha unanyamaza na kuelekea kule linakoelekeza, yaani kwenye hisia yenyewe ya kuwapo, ile "nipo" isiyo na maelezo. Wazo jingine likikuvuta, ambalo litakuja baada ya sekunde chache, usiligombeze. Uliza tena limemjia nani, na urudi. Hiyo ndiyo kazi yote.

Wala halitaki jibu la maneno. Akili yako, hasa kama umesoma vitabu, itajibu "mimi ni Brahman", jina la Vedanta kwa ule ukweli mmoja usio na wa pili, na itaridhika. Hilo nalo ni wazo. Limemjia nani?

Kosa la tatu ni la hatari zaidi kwa kuwa linapendeza: utulivu mzito, wenye joto, usio na mawazo, ambao mtu anatoka nao baada ya nusu saa akidhani amefika. Kama huwezi kusema ulikuwa macho, ulisinzia. Utulivu unaotafutwa una uangavu. Sauti ya sufuria jikoni inasikika kwa usafi kuliko kawaida. Ukigundua umezama, fungua macho, simama, nawa uso kwa maji ya Horombo, ambayo yatamaliza usingizi wowote.

Vikao vya leo viwe vitatu vya dakika 20 hadi 25, si zaidi, na katikati yake tembea, kunywa chai, fua soksi.

Alasiri fanya zoezi la chumvi. Limo katika Upanishadi ya Chandogya: Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu atie chumvi majini, aiache usiku kucha, asubuhi airudishe. Kijana anaitafuta haoni. Baba anamwambia aonje juu, katikati na chini. Kote ni chumvi. Ndipo anamwambia maneno anayoyarudia mara tisa katika sura hiyo: hiyo ndiyo wewe. Chukua kikombe cha bati, maji robo tatu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na ukoroge. Usipokoroga utapata matokeo ya uongo, kwa sababu kwenye maji yaliyotulia chumvi hupanda polepole mno na juu utaonja maji matupu hata baada ya usiku mzima. Kikombe kiwe ndani ya kibanda, nje kinaweza kuganda. Asubuhi onja juu kwa ncha ya kijiko, mwaga hadi nusu, onja, mwaga, onja chini. Onja tu, usinywe, maana mwili unahitaji maji yasiyo na chumvi hiyo.

Zoezi linasaidia kwa jambo moja mahususi. Wengi huichukua Nafsi kuwa kitu kilichofichwa mahali fulani ndani, kwamba ukichimba chini ya ala ya tano utakigusa. Chumvi haiko chini ya maji. Shvetaketu hakuwa akiikosa kwa sababu iko mbali. Alikuwa akiitafuta kwa macho, nayo inajulikana kwa ulimi. Vivyo hivyo hisia ya kuwapo iko katika kila wazo, katika hofu ya ile 84 na katika furaha ya yule mwenye 90.

Jioni mazungumzo yataingia kwenye dini, na ni vizuri. Moshi ina makanisa na misikiti, na hekalu la Wahindu nalo lipo. Mkristo au Mwislamu wa kawaida atasema Muumba na kiumbe ni wawili milele, na tofauti hiyo na Advaita ni ya kweli, haifai kufunikwa kwa maneno matamu. Ndani ya Uislamu wamekuwapo watu kama Ibn Arabi (1165–1240) ambao wafuasi wao walizungumza juu ya umoja wa kuwapo, na wakapingwa vikali na wanazuoni wengine. Mbudha naye atakataa kutoka upande mwingine: ukivua ala zote hubaki na nafsi yoyote ya kudumu. Huhitaji kuamua ubishi huo kwenye kibanda. Uchunguzi unaanza na unachokiona mwenyewe, na unaweza kufanywa na mtu anayeendelea kusali sala zake.

Kabla ya kulala, beti 12 za Upanishadi ya Mandukya kwa kifupi: kuna kuwa macho, kuna ndoto, kuna usingizi mzito, na kuna "ya nne". Hiyo ya nne haifuati baada ya tatu kama chumba cha mwisho. Ni ile ambayo hizo tatu zinatokea na kuzimika ndani yake. Asubuhi mtu husema "nililala fofofo, sikujua kitu". Advaita inauliza: huko kutojua ulikujuaje? Mpinzani atajibu kwamba unakisia tu, kwa kuona saa imesogea. Pinga, kubali, lakini liangalie kesho alfajiri, dakika ile ya kwanza, kabla ya kukisia.

Siku ya 4: Horombo hadi Kibo (mita 4,720)

Kilomita 9 hadi 10, saa tano hadi sita. Baada ya kituo cha mwisho cha maji hakuna mto tena. Kila tone linalotumika Kibo linabebwa. Kisha mimea inaisha na unaingia uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, changarawe na upepo, njia imenyooka mbele kwa kilomita kadhaa.

Uwanda huu ndio mahali bora tunapopajua kwa zoezi la kidole la Mwingereza Douglas Harding (1909–2007). Simama. Nyoosha kidole Mawenzi: unaona umbo, rangi, umbali. Kielekeze kwenye jiwe la karibu: umbo, rangi. Kwenye kiatu chako, goti, kifua: bado ni vitu. Sasa kigeuze kikuelekee usoni, kwenye kile unachotazama kutokea. Kwa unachokiona sasa hivi, si unachokumbuka kutoka kwenye kioo, kuna nini upande huo wa kidole? Hakuna paji la uso, hakuna rangi. Kuna uwazi, na uwanda mzima umo ndani yake, Mawenzi upande mmoja na Kibo mwingine. Sekunde kumi zinatosha. Ikikupata, tembea nayo. Isipokupata, usilazimishe, jaribu tena baada ya nusu saa. Vua miwani ya jua kwa muda huo tu na uirudishe, mwanga wa hapa unaunguza macho.

Ala ya nne ni ile inayoamua, na leo ndiyo inayoanza kuyumba. Kitabu cha Kibo kinaonyesha: mwandiko umepinda, watu wanakosea tarehe, wengine wanasita kwenye umri. Hesabu ndogo zinachelewa. Ndicho kitu kinachoshangaza kukitazama kwa karibu: fikra imekuwa nzito, na uzito huo unaonekana waziwazi. Anayejua kwamba "sijui vizuri" hajawa mzito. Baki hapo kadiri unavyoweza.

Hapa hapa ndipo mafundisho haya yanapoweza kuua mtu, na tunaomba lisomwe mara mbili. Yuko anayefika Kibo na kichwa kinachopasuka, anatapika, anajiambia "mimi si mwili, haya yanapita tu mbele ya shahidi", na hasemi. Hiyo si Advaita. Advaita yenyewe inatofautisha ngazi mbili za ukweli: ile ya mwisho, ambako hakuna wawili, na ile ya shughuli za kila siku, ambako moto unaunguza, mshahara unalipwa na ubongo unavimba. Shankara hakuwahi kufundisha kwamba ya kwanza inafuta sheria za ya pili kwa mtu ambaye bado ana mwili wa kulishwa. Mtu anayeyumba akitembea kwenye mstari mmoja, kisigino kwa vidole, au anayechanganya maneno, au anayehema amekaa na kukohoa mapovu, anashuka usiku huo huo. Dawa ya kwanza ni kushuka. Nyingine zote, vidonge na oksijeni ya chupa, ni za kusaidia kushuka. Na kwa kuwa aliyepungukiwa uamuzi hawezi kujiamulia, neno la kiongozi ndilo la mwisho, mkiwa mmekubaliana hivyo tangu Moshi.

Ngazi hiyo hiyo ya shughuli inadai jambo jingine. Angalia wapagazi wamevaa nini. Anayesema uhai ni mmoja kisha hajui kama aliyembebea begi amekula, uchunguzi wake umeishia kichwani.

Chakula hakitakuwa na hamu. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, kwa hiyo maharage hayaivi na mpishi analeta supu, wali laini, viazi. "Kula dada, hata vijiko vitano, usiku ni mrefu." Msikilize. Kula saa 11 jioni, lala na nguo zote, chupa za maji ndani ya begi la kulalia ili zisigande. Leo hakuna kikao.

Siku ya 5: Kibo, Uhuru (mita 5,895), hadi Horombo

Unaamshwa saa 5 usiku, unatoka saa 6. Chupa zigeuzwe kifuniko chini, maana barafu huanzia juu. Mbele kuna karibu mita 1,200 za kupanda, zigzagi kwenye changarawe inayorudi nyuma.

Hakuna zoezi la kufanya. Taa ya kichwa inatoa duara la mita mbili, ndani yake kuna visigino vya aliye mbele. Hatua, pumzi, hatua. Mahali fulani baada ya pango la Hans Meyer, saa 9 au 10, mawazo yenyewe yanakuwa machache. Hakuna nguvu ya kuwaza. Mwili unalalamika, pumzi inafukuzana, akili imenyamaza, uamuzi umekabidhiwa kwa kiongozi. Ala nne zimelegea pamoja. Ikiwa kuna kitu cha kuona, ni kwamba kuwapo kwako hakujapungua hata chembe. Ukikosa kukiona usihuzunike, watu wengi wanaona tu visigino.

Jua linatoka saa 12 na nusu hivi, wengi wakiwa karibu na Gilman's Point, mahali njia inapofika ukingo wa kasoko. Kutoka hapo ukingoni mwa kasoko hadi Uhuru ni saa moja na nusu hadi mbili. Oksijeni unayopata kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya Tanga.

Halafu kibao cha kileleni, na furaha. Watu wanalia, wanakumbatiana na wasiowajua. Hii ndiyo ala ya tano, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa kuwa hakuna anayetaka kuichunguza. Furaha ya kileleni ni halisi. Vedanta inaieleza hivi: tamaa iliyokusukuma kwa siku tano imezimika ghafla, na kwa muda, kabla tamaa nyingine haijazaliwa, hakuna kinachokuvuta mbali na ulivyo. Tunaipa sifa kibao. Lakini ilikuja saa fulani, ina kiwango, na mtu mwenye kichwa kinachouma hana. Kitu chenye mwanzo, chenye kipimo, kinachojulikana, ni ala. Ifurahie yote, na uulize mara moja tu: imemjia nani? Dakika 10 hadi 15, kisha kushuka. Ajali nyingi za miguu hutokea kwenye kuteremka ile changarawe mtu akiwa bado anashangilia.

Hadi Horombo ni mchana au alasiri. Kula, kunywa, lala.

Siku ya 6: Horombo hadi Moshi

Kilomita karibu 20 kuteremka, saa sita hivi. Hewa inanenepa na kila kitu kinarudi kwa mpangilio ule ule kinyumenyume: hamu ya kula, hesabu, mipango, simu. Mtu aliyekuwa kimya kabisa kule juu, baada ya pango la Hans Meyer, anakuta akilini mwake kumejaa kelele kuliko alipoondoka, anadhani amepoteza kitu.

Fanya kipimo hiki msituni, kati ya Mandara na lango. Kumbuka ule ukimya wa saa 9 usiku. Ulijulikana. Angalia kelele za sasa. Zinajulikana. Je, kujua kwa juu kulikuwa bora kuliko kwa sasa, au vilivyojulikana ndivyo vilivyotofautiana? Kama unatafuta kuurudisha ule ukimya, unatafuta hali, na hali ya mita 5,000 inahitaji mita 5,000. Wanaopanda tena na tena kwa ajili hiyo tumewaona wakichoka bure.

Lango, kitabu, malipo ya wapagazi mkononi mwa kila mmoja na si kwa jumla kwa mtu mmoja. Kisha Himo, kisha Moshi.

Mjini endelea hivi: kikao kimoja cha dakika 20 alfajiri, mara tu unapoamka na kabla ya kushika simu, kwa swali lile lile. Mchana usitafute muda maalumu. Kila unapojikuta unasema kwa nguvu "mimi", katika ugomvi wa nauli, katika sifa za bosi, kwenye foleni ya benki, uliza limemjia nani, pumzi moja tu, na umjibu uliyekuwa unaongea naye. Daftari liandikwe kwa wiki mbili, mstari mmoja kwa siku: lini swali lilikuja lenyewe, na lini lilikuwa maneno tu. Usingizi ukikosekana zaidi ya usiku tatu, au ukianza kuuona ulimwengu kama picha isiyo na uhai na ukaogopa, acha vikao kabisa, fanya kazi za mikono, kula na watu, na umwone daktari.